Weka Kwanza, Sahihisha Baadaye

Mwaka jana binti wa marehemu rafiki yangu alinijia na swali moja dogo. Baba yake alikuwa malenga, mtu aliyekulia Lamu, na katika miaka yake ya mwisho alinikabidhi madaftari manne ya mashairi nimchapie kwenye kompyuta. Nilichapa yote, nikayarudisha kwa mwenyewe. Sasa binti alikuwa akisoma nakala ile niliyoichapa, akafika kwenye ubeti anaoukumbuka tangu utotoni, akaona neno silo.

"Mwalimu," aliniuliza, "baba alikuwa akisema *nti*. Hapa pameandikwa *nchi*. Nani amebadili?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Nilibadili mimi. Mkono uliosahihisha insha za wanafunzi kwa miaka zaidi ya thelathini hauulizi ruhusa. Ukiona neno lisilo la Kiswahili sanifu, hulinyoosha. Ni maneno mangapi niliyoyanyoosha hivyo, na wapi, sikuweza kumwambia. Tulipokwenda kuyatafuta madaftari, mchwa walikuwa wametutangulia. Mawili kati ya manne nilikuwa nimeyapiga picha kwa simu, na hayo tuliweza kuyalinganisha na nakala. Mawili mengine hatuna ila nakala yangu, nayo ni shahidi asiyeaminika.

Linaloniuma zaidi ni kwamba wakati huo nilikwisha kuwa na chombo cha kukumbuka mabadiliko. Mpwa wangu alinifundisha programu iitwayo Git, ile wanayotumia waandishi wa programu za kompyuta kuhifadhi matoleo ya kazi zao, nami nikaanzisha hazina kwa ajili ya mashairi yale. Hazina ilikumbuka kila herufi niliyoigusa tangu siku ya kwanza. Lakini siku hiyo ya kwanza niliingiza nakala iliyokwisha kusahihishwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yangu ilikuwa na daftari, ila nililifungua mali ikiwa imekwisha kupungua.

Kwa hiyo rai yangu ni hii, nami naitoa kwa washairi na wakusanyaji wa mashairi wanaohamia kwenye vyombo vya namna hii. Anayeanzisha hazina mpya ya matoleo, ingizo lake la kwanza liwe maandishi kama alivyoyakuta, pamoja na picha ya pale alipoyakuta. Masahihisho yote, hata ya nukta moja, yangoje ingizo la pili. Na ili agizo hili litimizwe, hapana budi tujue tofauti ya aina mbili za mafaili tunayoyaingiza humo, kwani kila aina ina kazi yake na adabu yake.

Chombo na istilahi zake

Git iliandikwa na Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, mwezi wa Aprili 2005, ili kutunza matini ya mfumo wa Linux ambao watu wengi wa nchi mbalimbali huuandika kwa pamoja. Hutolewa bure, na hufanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Ukitoa amri ya *git init* ndani ya folda, folda hiyo huwa hazina. Ukitoa amri ya *git add*, unateua mafaili unayotaka yaandikwe. Ukitoa amri ya *git commit*, hali ya mafaili hayo huandikwa katika kumbukumbu, pamoja na jina lako, tarehe, saa, na maelezo mafupi ya sababu unayoyaandika mwenyewe. Tendo hilo la mwisho mimi naliita *ingizo*, kama maingizo ya daftari la hesabu. Kila ingizo hupewa kitambulisho cha tarakimu na herufi 40, nacho hukokotolewa kutokana na yaliyomo. Ikibadilika herufi moja ya ubeti, kitambulisho nacho hakitakuwa kile.

Mafaili ni ya aina mbili. La kwanza nitaliita *faili la matini*, yaani lile lenye herufi tupu: konsonanti, irabu, nafasi, alama za uandishi na mwisho wa mstari. La pili ni lile ambalo kwa kufuata istilahi ya hisabati, mfumo jozi, tunaweza kuliita *faili jozi*: picha, sauti, video, na hata waraka uliotengenezwa kwa programu ya kuandikia nyaraka. Jina hili lina kasoro, kwani ndani ya kompyuta kila kitu ni sifuri na moja, matini ikiwamo. Tofauti iliyopo ni kwamba faili la matini mtu aweza kulifungua akalisoma mstari kwa mstari bila mkalimani, ilhali faili jozi halina maana mpaka ipatikane programu inayojua mpangilio wake. Mwenye jina bora na alilete; hadi hapo nitatumia hili.

Matini ni ushairi unaoonekana ukibadilika

Nitaonyesha kwa ubeti niliouunda mwenyewe, kwani wa rafiki yangu si wangu kuuchapisha:

Babu alipenda nti,
Akapanda mingi miti,
Hakuogopa mauti,
Kivuli tukarithia.

Tuseme ubeti huu umo katika faili la matini, kila mshororo katika mstari wake. Ajapo mtu akabadili *nti* kuwa *nchi*, kisha akaiuliza hazina nini kimebadilika, ataonyeshwa hivi:

- Babu alipenda nti,
+ Babu alipenda nchi,

Mstari wenye alama ya kutoa ndio uliokuwapo, na wenye alama ya kujumlisha ndio uliokuja. Hakuna mabishano. Atajua pia ni nani aliyebadili na lini, na kama aliyebadili ni mstaarabu, atasoma na sababu.

Sasa chukua ubeti uo huo, uuweke katika waraka wenye jina linaloishia na .docx. Faili la namna hiyo ni furushi la mafaili kadhaa yaliyobanwa pamoja. Ukibadili neno moja ndani yake, furushi lote hufungwa upya, na hazina ikiulizwa itajibu tu kwamba mafaili jozi mawili yanatofautiana. Yanatofautiana wapi? Kimya. Vivyo hivyo kwa faili la PDF. Kitu kimehifadhiwa, lakini mabadiliko yake hayasomeki, na kwa mtu wa lugha mabadiliko ndiyo habari yenyewe.

Kwa bahati njema, chombo hiki kinawafaa washairi kuliko waandishi wa nathari. Git hulinganisha mstari kwa mstari. Mwandishi wa riwaya aandikaye aya nzima bila kukata mstari, akibadili neno moja huonyeshwa aya nzima imebadilika. Sisi tumezoea mishororo tangu zamani. Mshororo mmoja, mstari mmoja. Ubeti na ubeti, mstari mtupu kati yake. Ukwapi na utao vitenganishwe kwa koma ndani ya mstari ule ule. Hivyo kila badiliko litajulikana liko katika mshororo upi.

Kuna mambo mawili madogo yatakayomtatiza mgeni. La kwanza ni namna herufi zinavyohifadhiwa. Git huamua kama faili ni la matini au ni jozi kwa kuchungulia baiti zake 8,000 za mwanzo. Ikikuta humo baiti ya sifuri, hulihesabu kuwa jozi. Sasa zipo programu za kuandikia ambazo huhifadhi matini kwa utaratibu uitwao UTF-16, ambao kwa herufi zetu za Kirumi huweka baiti ya sifuri karibu na kila herufi. Shairi lako litakuwa matini machoni pako, lakini kwa Git ni jozi. Chagua UTF-8 unapohifadhi, na tatizo litakwisha.

La pili ni letu sisi Waswahili hasa: kibainishi cha *ng'*. Programu za nyaraka hupenda kukipinda kibainishi kilichonyooka bila kukuuliza. Kwa jicho la msomaji *ng'ombe* na *ng’ombe* ni mnyama yule yule, lakini kwa kompyuta ni maneno mawili. Nimewahi kuona mabadiliko mengi katika utenzi mmoja, nikadhani kuna mtu ameuandika upya, kumbe vibainishi ndivyo vilivyopinda. Chagua kimoja, ukiandike katika faili la maelezo ya hazina, usikiache.

Picha ni shahidi

Msomaji aweza kusema: ikiwa matini ndiyo inayosomeka, basi tuchape mashairi yote kuwa matini na picha tuzitupe. Hapo ndipo ninapokataa, tena kwa nguvu, kwa sababu kuchapa ni kutafsiri.

Hati zetu nyingi za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika uandishi wa zamani herufi ile ile ya *ba* aghalabu ilisimamia *b* na *p*, na mara nyingi hata *mb*. Irabu *e* na *i* ziliandikwa kwa alama moja, *o* na *u* kwa alama moja. Anayeligeuza neno la namna hiyo kuwa herufi za Kirumi huchagua, na kuchagua kwake ni rai. Akichapa *pata*, huenda mtunzi alikusudia *bata*. Muktadha utaamua mara nyingi, lakini si mara zote. Faili la matini hubeba rai ya mchapaji. Picha hubeba wino wa mwandishi.

Tazama yaliyoupata utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Ulitoka mwaka 1915 ndani ya kitabu cha Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili, katika toleo lililoandaliwa na W. E. Taylor, ukatoka tena mwaka 1939 katika toleo la William Hichens. Taylor hakuficha kwamba toleo lake limepitiwa na mkono wake. Mashairi ya Muyaka bin Haji nayo yalikusanywa na Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, kisha Hichens akayatoa kuwa diwani mwaka 1940. Kati ya Muyaka na msomaji wa leo pana kumbukumbu za wazee waliosimulia, mkono wa aliyenakili, rai ya aliyehariri na kazi ya aliyepanga chapa. Bila Mwalimu Sikujua na wenziwe tungekuwa mikono mitupu, nami siwalaumu hata chembe. Lakini kila anayefanya utafiti wa matini hizi hulazimika kurudi kwenye hati zilizohifadhiwa, mathalani katika karatasi za Taylor zilizoko SOAS, London, kwa kuwa kitabu peke yake hakionyeshi kila tulichokipata na kila tulichokipoteza njiani.

Msomaji mwingine atasema kwamba shairi lina walinzi wake lenyewe. Kina kinalinda mwisho wa kipande, mizani inalinda hesabu. Ni kweli, kwa kiasi. Katika ubeti wangu wa mfano, *nchi* imeua kina cha *ti*, na msikivu yeyote atashtuka. Lakini walinzi hao hawafiki katikati ya kipande. Ukibadili *mato* kuwa *macho*, *yeo* kuwa *leo*, au *ndoo* ya Kiamu kuwa *njoo*, mizani zinabaki zile zile na vina havijaguswa. Lahaja ya mtunzi imeondoka mlangoni na hakuna aliyeisikia ikitoka. Hayo ndiyo niliyoyafanya katika madaftari mawili yasiyo na picha, na hayo ndiyo sitaweza kuyatengua.

Kwa hiyo picha iingie, na sauti iingie. Shairi lililoimbwa lina mahadhi ambayo hakuna herufi itakayoyashika, na kuliita rekodi lake faili jozi hakulishushi hadhi. Ila mafaili haya yana adabu zake.

Adabu ya kwanza: yatajwe kwa aina yake. Kompyuta za aina mbalimbali humaliza mstari kwa namna tofauti. Baadhi hutumia alama moja isiyoonekana, nyingine hutumia mbili. Git yaweza kuzibadilisha alama hizo ili matini isomeke kote, na kwa matini hilo halina madhara. Lakini ikidhani picha ni matini, ikabadili baiti zake kwa namna hiyo, picha imeharibika. Waliobuni aina ya picha iitwayo PNG walilijua balaa hili. Katika baiti nane za mwanzo za kila faili la PNG waliweka makusudi alama za mwisho wa mstari za namna zote mbili, ili picha ikipitishwa mahali inapotendewa kama matini, uharibifu ugundulike mara moja. Nawe usitegemee bahati: weka katika hazina faili dogo liitwalo *.gitattributes*, uandike humo kwamba majina yaishiayo na .txt ni matini, na yaishiayo na .png, .jpg na .mp3 ni jozi. Faili hilo liingie kabla ya shairi lolote.

Adabu ya pili: yaingie mara moja, yasiguswe. Matini ikibadilika neno moja, hazina haipati mzigo wa maana. Lakini picha iliyokwisha kubanwa, ukiizungusha kidogo au ukiing'arisha, kwa hazina huwa karibu picha mpya kabisa. Picha ya megabaiti 5 uliyoitengeneza mara kumi ni kama megabaiti 50 zilizolala humo daima. Hata ukiifuta leo, matoleo ya nyuma yangalipo, kwani kazi ya hazina ni kutosahau. Wanaotaka kuweka nakala GitHub wajue pia kwamba huko faili moja linalozidi megabaiti 100 hukataliwa. Rekodi ndefu za sauti zikatwe shairi kwa shairi, au zitunzwe mahali pengine na hazina iandike ziliko.

Adabu ya tatu: kila picha na matini yake vijulikane kuwa ni ndugu. Ukurasa wa saba wa daftari la pili uwe na jina lile lile katika picha na katika matini, vitofautiane mkia tu. Shahidi asiyejulikana ni wa kesi ipi hana faida.

Wasiotaka kukumbukwa

Nimelijadili jambo hili na malenga wenzangu, nao wamenipa pingamizi moja ninayoiheshimu. Mshairi, wanasema, ana haki ya kuficha rasimu zake. Mwashi haonyeshi jukwaa alilosimamia. Nyumba ikiisha, hulibomoa. Kwa nini vizazi vijavyo wasome kina nilichokosea usiku wa manane?

Kwa mtunzi aliye hai, nakubali. Hazina ni yake, iko ndani ya kompyuta yake, hana wajibu wa kumwonyesha mtu. Akitaka kuanza na shairi lililokamilika, na aanze. Lakini mkusanyaji, mhariri, mwalimu na mtoto wa marehemu hawana haki hiyo. Walichoshika ni amana ya mtu asiyeweza tena kuulizwa. Mtunzi akibadili neno lake ametunga. Mwingine akilibadili bila kuacha alama, amemsemea mtu kinywani mwake. Nami nimefanya hivyo kwa nia njema, kwa jina la Kiswahili sanifu, lugha niliyoifundisha na ninayoipenda. Usanifu ulitupa lugha moja ya darasani. Haukutupa ruhusa ya kupita makaburini tukinyoosha matamshi.

Tulivyoanza upya

Mimi na binti yule tulianzisha hazina mpya. Ingizo la kwanza lilikuwa *.gitattributes* pamoja na picha zote za madaftari mawili, jinsi zilivyotoka kwenye simu, na kidole changu kikionekana pembeni katika baadhi yake. La pili lilikuwa matini ya madaftari hayo, iliyochapwa upya kwa kufuata picha herufi kwa herufi, makosa yakiwa makosa na lahaja ikiwa lahaja. Katika la tatu ndipo tulipoanza kusahihisha yale tuliyohakikisha kuwa ni kuteleza kwa kalamu, kila sahihisho na sababu yake.

Madaftari mawili yaliyoliwa na mchwa tuliyawekea folda yao. Humo iliingia nakala yangu ya zamani, haikuguswa, na maelezo ya ingizo nikayaandika kwa mkono wangu: "Nakala hii ilichapwa na kusahihishwa nami bila kuweka alama. Asili yake haipo. Isomwe kwa tahadhari." Kisha ubeti wa binti ukarudishiwa *nti* yake, katika ingizo la peke yake, na sababu ikaandikwa: kumbukumbu ya mtoto wa mtunzi, na ushahidi wa kina.

Kwa maneno mengine ya madaftari hayo hatuna mtoto anayekumbuka wala kina kinachoshuhudia. Tumeyaacha kama yalivyo.